Friji Inasoma Tisa: Barua ya Wazi kwa Wenye Biashara za Chakula

Ndugu wamiliki na mameneja,

Salamu kwenu. Ninayewaandikia ni msimamizi wa jiko. Nilianza kwa kuosha sufuria, nikapanda mdogo mdogo hadi kukabidhiwa funguo, na kwa miaka mingi mimi ndiye wa mwisho kuzima taa. Siji kuwafundisha biashara. Nimeandika kwa sababu ya swali moja mnalolipenda sana kwenye vikao: "Wakaguzi wa afya wakija leo, tuko tayari?" Mkiuliza hivyo sisi tunaitikia "tuko tayari, bosi", kikao kinafungwa, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Acheni niwasimulie utayari wetu ulivyokuwa siku walipokuja kweli.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Simu ya mhudumu mmoja ikaita, rafiki yake wa biashara ya jirani akamwambia maneno mawili tu: "Bwana afya." Jiko zima likalipuka. Mmoja akachomoa vyombo vilivyolundikwa kwenye sinki ya kunawia mikono, akavisukumia chini ya meza na kuvifunika kwa kitambaa. Mwingine akamwaga klorini sakafuni mpaka macho yakatuwasha. Kijana wa kuosha vyombo akaambiwa avae kofia. Kofia ziko stoo, stoo imefungwa, ufunguo anao meneja, meneja hajafika. Mimi mwenyewe, na cheo changu chote, nikakimbilia daftari la joto la friji. Lilikuwa na siku nne tupu. Nikajaza: nne, nne, tano, nne. Asubuhi, mchana, usiku. Kalamu moja, mwandiko mmoja, mkono unatetemeka.

Funika kombe mwanaharamu apite. Ndivyo tulivyofanya, na wala haikuwa mara ya kwanza.

Kumbe aliyekuja si bwana, ni mama wa makamo, mpole, hana haraka hata kidogo. Alitusalimia mmoja mmoja. Akaenda kunawa mikono, akakuta sabuni hakuna, hakusema kitu, akaandika. Kisha akaomba daftari. Akafunua kurasa polepole hadi mstari wa mwisho, akauwekea kidole, akaniuliza kama mtu anayeulizia njia: "Hii ya saa nne usiku, ni ya leo?"

Nikatazama. Katika haraka zangu nilikuwa nimeiandikia friji joto la usiku ambao haujafika.

Hakunigombeza. Alitoa kipimajoto chake mkobani, akakipangusa kwa dawa, akafungua friji, akakichomeka katikati ya chombo cha nyama iliyopikwa, akasubiri. Nyuzi tisa, wakati haitakiwi kufika hata tano. Akanionyesha namba ile bila kuisoma kwa sauti.

Baadaye mliniita ofisini kutaka kujua nani alidanganya daftari. Jibu mnalo: ni mimi, na adhabu yangu niliipata. Ila kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza ofisini, na mimi nimekaa nalo tangu siku ile. Je, ningekuwa nimeandika tisa, ingekuwaje?

Mpira wa mlango wa friji ile ulikuwa umechanika. Ukifunga, unabaki mwanya wa kupitisha kidole. Nilisema kwa mdomo, nikasema tena, nikajaza karatasi ya maombi, karatasi ikakaa mezani ikingoja saini. Na daftari lenyewe lilikuwa na safu za tarehe, saa, joto na jina. Hapakuwa na mahali pa kuandika "imezidi, nimefanya hivi". Sasa mtu akiandika tisa leo, tisa kesho, tisa keshokutwa, na hakuna anayesoma wala anayeleta fundi, siku ya nne ataandika nne. Hakuzaliwa mwongo. Amegundua tu kwamba namba ya kweli inamletea maswali na namba ya uongo inamletea amani.

Hicho ndicho kilichonifanya niandike. Utayari wa ukaguzi wa kushtukiza unaanzia kwenye kalamu zenu kabla haujafika kwenye ufagio wetu.

Safu ile inayokosekana si wazo langu. Mfumo wa HACCP mnaousikia ukitajwa na wakaguzi, yaani wa kuchambua hatari za chakula na kuzidhibiti kwenye hatua zake muhimu, una chimbuko lake miaka ya 1960, pale kampuni ya Pillsbury, jeshi la Marekani na NASA walipokuwa wanatafuta namna ya kuwalisha wanaanga bila kuwaharibu tumbo. Waliona kupima chakula kilichokwisha kuiva hakusaidii kitu: ukitaka uhakika kamili itabidi upime chote, na hakitabaki cha kula. Wakageuza mambo. Tafuta hatua ambapo hatari inaweza kuzuiwa, iwekee kikomo, pima, na ukikuta kikomo kimevukwa fanya jambo na uliandike. Hapo kwenye "fanya jambo" ndipo mfumo unapopumua. Ukiondoa hapo, kinachobaki ni daftari la kupamba ukuta.

Na msidhani wakaguzi hawajui. Mkaguzi mzoefu akikuta miezi mitatu ya nne tupu, anacheka moyoni. Friji inayofunguliwa na kufungwa tangu asubuhi hadi usiku haiwezi kusoma namba moja kila siku. Daftari la kweli lina michubuko: hapa saba, mlango uliachwa wazi wakati wa kupokea mzigo, tulihamisha maziwa, baada ya saa moja ikarudi nne. Lina doa la mafuta. Lina kalamu tatu tofauti. Lina saini ya mtu wa juu mara moja kwa wiki, na pembeni ameandika "fundi anakuja Jumanne". Daftari kama hilo linakulinda, hata siku likionyesha kosa.

Najua wapo kati yenu wanaouona ukaguzi wa kushtukiza ni uonevu, kwamba mgeni mstaarabu hupiga hodi. Kumbukeni kilichotokea kusini mwa Wales mwaka 2005. Bakteria hatari aitwaye E. coli O157 aliingia kwenye nyama iliyopikwa iliyokuwa ikipelekwa mashuleni. Watu zaidi ya 150 waliugua, wengi wao watoto, na mtoto mmoja wa miaka 5 akafariki. Uchunguzi ulioongozwa na Profesa Hugh Pennington, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2009, ulikuta kuwa kwenye bucha lililosambaza nyama hiyo mashine moja ya kufungashia ilikuwa ikitumika kwa nyama mbichi na iliyopikwa pia. Karatasi za mpango wa usalama wa chakula zilikuwepo, na wakaguzi walikwishapita mle. Moja ya mapendekezo ya ripoti ile ni kwamba ukaguzi wote ufanyike bila taarifa, isipokuwa pale penye sababu maalumu. Mkaguzi anayetoa taarifa anaonyeshwa jiko la siku ya taarifa, basi. Jiko la siku nyingine wanaliona wateja.

Nije kwenye saa ya kufunga, maana hapo ndipo penye shughuli yenyewe.

Asubuhi jiko lolote linapendeza. Mabomu yetu yanategwa usiku. Mteja wa mwisho anatoka saa tano kasorobo, zamu inaisha saa tano kamili, na jikoni imebaki sufuria ya mchuzi ambayo mtu mmoja hawezi kuiinua. Inachemka bado. Tunafanya nini nayo katika dakika kumi na tano? Njia ni mbili, zote mbaya. Ya kwanza, tunaifunika na kuiacha jikoni ilale hapo. Ya pili, tunaisukumia kwenye friji ikiwa ya moto, nayo inapasha kila kilicho jirani yake. Niliwahi kuchomeka kipimajoto asubuhi, saa kumi na moja na nusu, katikati ya sufuria iliyolala ndani ya friji usiku kucha. Ilisoma 31. Juu ilikuwa baridi kabisa, imeganda utando wa mafuta. Ukigusa kwa mkono ungeapa kwamba iko salama.

Shirika la Afya Duniani katika kanuni zake tano za chakula salama, zilizotoka mwaka 2001, linasema chakula cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, cha moto kizidi 60, na kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kati ya namba hizo mbili bakteria wanazaana kwa raha zao. Mwongozo wa chakula wa Marekani unaeleza hata mwendo wa kupoza: toka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria yetu ya usiku haikukaribia hata hatua ya kwanza.

Bosi mmoja aliniambia, "Chemsheni tena asubuhi, moto unaua kila kitu." Ningetamani iwe kweli. Moto unawaua bakteria wenyewe, lakini wapo wanaoacha sumu nyuma yao, na sumu hiyo haibabaiki na kuchemshwa. Staphylococcus aureus, anayetoka puani na kwenye vidonda vya mikono yetu sisi wapishi, ni mmoja. Bacillus cereus wa kwenye wali ni mwingine: mbegu zake zinavumilia kupikwa, zinaamka wali ukiachwa wa vuguvugu, na sumu yake ya kutapisha inabaki hata ukiupasha mpaka utoe mvuke. Mnaweza kumpa mteja chakula cha moto kabisa na bado kikamlaza.

Dawa yake ni rahisi. Trei pana za kina kifupi, mchuzi umiminwe usizidi vidole vitatu. Beseni la barafu chini yake, kukoroga kila baada ya dakika chache, na mfuniko usubiri hadi mvuke uishe. Vyote hivyo tunavijua, tulifundishwa, baadhi yetu tuna na vyeti. Kinachokosekana ni nusu saa. Nusu saa ya kulipwa, baada ya mteja wa mwisho, watu wawili wakifanya kazi bila kuikodolea saa macho kwa hofu ya kukosa usafiri. Ratiba ya zamu hatuipangi sisi. Mnaipanga ninyi, na mkiikata saa tano kamili ili kuokoa nusu saa ya mishahara, mjue mmeshaamua sufuria italala wapi.

Jambo la pili ni wagonjwa. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mtanisamehe.

Mpishi mwenye kuhara au kutapika hatakiwi kugusa chakula, na nchi nyingi zinataka akae nje ya jiko hadi zipite saa 48 tangu dalili zilipokoma. Kila mwongozo unasema hivyo na kila ukuta una karatasi yake. Lakini mtu anayelipwa kwa siku akilala nyumbani siku tatu, amekosa siku tatu. Basi anakunywa dawa ya kufunga tumbo, anakuja, anakuambia amelala vizuri. Mficha maradhi kilio humfichua, ila jikoni kilio kinakuwa cha watu wengine. Kuna kirusi kinaitwa norovirus, chembe chache tu zinatosha kumwangusha mtu, na zile jeli za kupaka mikononi mnazotuwekea mlangoni hazikifanyi kitu cha maana. Ni maji na sabuni, na mgonjwa kubaki kwake.

Mwaka 1907 mpishi mmoja wa New York, Mary Mallon, aliwekwa karantini baada ya kugundulika kuwa anabeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuumwa. Walimwachia mwaka 1910 kwa sharti kwamba asipike tena. Akafanya kazi ya kufua nguo. Kufua kulilipa kidogo kuliko kupika, naye akabadili jina, akarudi jikoni. Mwaka 1915 wakamkamata tena baada ya watu kuugua alikokuwa akipika, na akakaa karantini hadi kifo chake mwaka 1938. Watu wanaisimulia habari hiyo kama ya mwanamke mkaidi. Mimi nikiisoma naona tofauti ya mshahara wa kufua na wa kupika. Mtu akizuiwa kazi yake bila kupewa cha kula, mwisho wake atarudi, kwa jina lake au kwa jina jingine.

Lipeni siku za kuugua. Hata kama ni siku mbili tu, hata kama ni nusu. Sikumbuki mkaguzi aliyewahi kuuliza kuhusu hilo, lakini ndilo lingefanya watu waseme ukweli asubuhi.

Mengine ni madogo, nayapitia haraka. Sinki ya kunawia mikono iwe na sabuni, maji na taulo za karatasi, na isigeuzwe kabati la vyombo. Mkituongezea meza moja hatutavilundika humo. Vipimajoto viwe viwili, maana kimoja siku zote kinapotea au betri imekwisha. Kukipima ni kazi ya dakika tatu: glasi ijazwe barafu iliyopondwa, maji kidogo, koroga, kipimajoto kisome sifuri. Klorini inunuliwe pamoja na vile vikaratasi vya kupimia nguvu yake, maana ikiwa dhaifu haisaidii na ikizidi ni sumu, na juu ya ubao wenye mafuta haifanyi kazi mpaka usugue kwa sabuni kwanza. Nyama mbichi ikae rafu ya chini. Stika za tarehe na kalamu ya kuziandikia vikae palepale kwenye friji, si ofisini. Ufunguo wa stoo uwe kwa mtu wa zamu, si kwa mtu aliye nyumbani.

Kuhusu mende sisemi. Mnawajua.

Mkaguzi akifika, msituagize tumcheleweshe mlangoni kwa soda wakati wengine wanafagia. Anajua kwa nini anapewa soda. Mwombeni kitambulisho kwa heshima, kila zamu iwe na mtu mmoja anayejua faili liko wapi, aongozane naye, ajibu anachokijua na asichokijua aseme sijui. Na zile bahasha, tafadhali. Kijana wa kuosha vyombo anaona bahasha ikipita. Kuanzia siku hiyo hakuna semina itakayomfanya aamini kwamba usafi ni wa lazima.

Mnaoongoza ofisi za ukaguzi nanyi, kwa kuwa barua hii ni ya wazi: wakaguzi wenu wengi huja saa nne asubuhi, jiko likiwa limetulia. Njooni saa ambayo oda zimerundikana, au saa tunapofunga. Na ripoti mkiiacha, iandikwe kwa lugha anayoisoma mpishi, kwa sababu bosi akishaipeleka kwenye faili hatuioni tena.

Kwenu wamiliki, ombi langu la mwisho ni hili: njooni wenyewe bila kutuambia. Msije na kelele wala kamera. Njooni usiku mmoja, saa tano kasorobo, mtu mmoja, amevaa kofia. Fungua friji ya nyuma, ile ambayo huwa mnaipita. Chomeka kipimajoto katikati ya chombo kikubwa kuliko vyote, subiri namba itulie. Pitisha mkono nyuma ya mpira wa mlango. Uliza daftari liko wapi, uone mtu anakimbilia upande gani. Kisha usiseme neno juu yetu kwanza. Kaa kwenye kreti, uulize kitu gani kimeombwa na hakijaja. Kuwa na kalamu mkononi.

Mpira wa friji yetu, kwa taarifa yenu, ulibadilishwa kesho yake baada ya yule mama kuondoka. Fundi hakumaliza hata saa moja. Nilikuwa nimeuomba wiki tano.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa jiko, zamu ya usiku